Baiti moja ni kilo za mkulima: kusoma mizani ya korosho kwa poti ya siriali

Msimu wa korosho ukianza, mwezi Oktoba, maghala ya Masasi, Newala na Mtwara mjini hujaa magunia, na mizani za kielektroniki hazipumziki. Nyingi zina tundu la siriali, yaani poti inayotuma data biti moja baada ya nyingine, nyuma ya kioo cha namba. Kazi ninayoitiwa ni kuunganisha tundu hilo na bodi ndogo yenye STM32F103 (chipu ya kompyuta ndogo, hapa chini naiita F103), ili uzito uingie wenyewe kwenye kumbukumbu za chama cha msingi, karani asinakili kwa mkono. Inaonekana kazi nyepesi, ila baiti moja ikidondoka katikati, 82.40 inasomeka 2.40, na anayeumia ni mkulima. Ndiyo maana nina msimamo mkali kuhusu draiva ya poti, yaani programu inayopokea baiti hizo.

Umeme kwanza, kwa kifupi: RS-232, mfumo wa umeme wa tundu hilo, hutoa volti hasi na chanya ambazo chipu haizivumilii, hivyo weka MAX3232, chipu ya kugeuza volti, kati ya mizani na bodi. Usiunganishe moja kwa moja.

Kasi ya data inahitaji utulivu zaidi. Kwenye F103, poti ya siriali ya kwanza, USART1, hupata saa yake (mapigo ya kuendeshea) kutoka njia ya ndani iitwayo APB2, inayofika 72 MHz, wakati USART2 na USART3 ziko APB1, ambayo mwisho wake ni 36 MHz. Ukihamisha namba ya kugawia saa kutoka USART1 kwenda USART2 bila kuihesabu upya, kasi inashuka nusu na unapokea takataka tupu. Pariti, biti ya ziada ya kukagua kosa, nayo ina mtego: chipu hii huihesabu biti ya pariti ndani ya urefu wa neno. Mizani ikituma biti 7 na pariti shufwa, weka urefu wa biti 8, washa pariti, kisha ufute biti ya juu ya kila baiti kabla ya kuitumia.

Intarapti ya kupokea (kipande cha programu kinachoitwa ghafla kila baiti inapofika) iwashe mwisho kabisa, baada ya saa, miguu ya chipu, kasi na bafa (nafasi ya kuwekea baiti kwa muda) kuwa tayari. Mizani nyingi hutuma mfululizo bila kuombwa, kwa hiyo ukitanguliza intarapti, baiti zitaanza kumiminika kwenye bafa ambayo bado haijaandaliwa.

Sasa hapa ndipo ninapobishana na vijana wengi. Kazi ya intarapti iwe moja: kuchukua baiti, kuiweka kwenye bafa ya mzunguko (ikijaa hurudi mwanzo), kuondoka. Ni kama kuli anayeshusha magunia kwenye lori: akisimama kupima kila gunia, foleni inafika barabarani. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, baiti huja kila milisekunde 1.04 hivi, na kufuta kioo cha LCD cha kawaida chenye chipu ya HD44780 peke yake huchukua milisekunde 1.5. Hesabu haikubali. Kugeuza herufi kuwa namba, kuandika kwenye kioo na kukagua jumla ya uhakiki, vyote vifanyike kwenye mzunguko mkuu wa programu. Kielekezi cha kuandikia (namba ya nafasi kwenye bafa) kiguswe na intarapti tu, cha kusomea kiguswe na mzunguko mkuu tu, na vyote viwe `volatile`, neno la lugha ya C linalolazimisha thamani isomwe upya kila mara. Hapo huna haja ya kuzima intarapti kila unaposoma.

Makosa yahesabu kando kando. Kosa la fremu (biti ya kufunga baiti haikuonekana mahali pake) mara nyingi hukuelekeza kwenye kasi au waya, na huku pwani, Mikindani kwa mfano, chumvi hula pini za viunganishi. Kosa la kufurika (baiti mpya imefika kabla ya iliyotangulia kuchukuliwa) linakuambia programu yako ndiyo iliyochelewa. Kufurika kukitokea kati ya kusoma rejista ya hali na kusoma data, alama ya kufurika, ORE, hubaki imesimama huku RXNE, alama ya baiti mpya, imelala. Intarapti ikiangalia RXNE pekee, itaitwa tena na tena na bodi itaganda. Dawa yake ni kusoma rejista ya hali, kisha rejista ya data, hata kama hakuna baiti mpya.

Kuna jambo ambalo halionekani mezani hadi uanze kuhifadhi uzito. Kufuta ukurasa wa flashi, kumbukumbu ya kudumu ya chipu, kwenye F103 huchukua milisekunde 20 hadi 40, na wakati huo prosesa inayoendesha programu kutoka flashi hiyo hiyo husimama, intarapti zake pia. Kwa 9600, milisekunde 40 ni baiti 38 hivi, yaani ujumbe mzima wa uzito na zaidi. Kwa mashine za ghalani badala ya intarapti ya kila baiti mimi hutumia DMA ya mzunguko, sehemu ya chipu inayohamisha data bila prosesa na kuiandika moja kwa moja kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), kwa sababu yenyewe huendelea kupokea prosesa ikiwa imesimama. Bafa ya baiti 256 inatosha.

Kabla ya kuifunga bodi kwenye boksi, ipelekee data mfululizo kutoka kompyuta usiku kucha, kioo kikiandika na flashi ikihifadhi. Asubuhi fungua vihesabio vya makosa. Kufurika kusipokuwa sifuri, bodi hiyo isiende ghalani.