Re: Aliyeongoza mchujo Georgia alikosaje tiketi?

Mkuu, umeuliza Casey Cagle, aliyekuwa naibu gavana, alikosaje tiketi ya ugavana wa jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 2018 ilhali ndiye aliyeongoza mchujo wa Republican, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama. Sheria ya jimbo lile ni kwamba usipovuka nusu ya kura hujapita. Wawili wa juu wanarudi duru ya pili. Mwezi Mei Cagle alipata kama asilimia 39, mpinzani wake Brian Kemp 25 na ushei. Upande wa Democratic, Stacey Abrams alimaliza kazi siku hiyohiyo kwa asilimia 76.

Kilichommaliza Cagle ni zile wiki tisa za katikati. Clay Tippins, aliyeangushwa kwenye mchujo uleule, alimrekodi kwa siri akikiri kuwa aliunga mkono muswada wa elimu aliouona mbovu, ili tu mpinzani mwingine asipate fedha za kampeni. Kanda ikatoka Juni. Kwangu mimi hiyo inauma kweli, elimu ya watoto kufanywa karata ya kusaka tiketi! Trump naye akamuunga mkono Kemp siku chache kabla ya kura, na Julai 24 Kemp akazoa karibu asilimia 69. Waliopiga kura kwenye mchujo wa Democratic Mei hawakuruhusiwa kuhamia kwenye duru hiyo ya pili ya Republican.