Shangazi, mume wangu hataki nirekebishe taya

*Shangazi, nina miaka 32, nimeolewa miaka sita. Taya langu la chini limejitokeza mbele kidogo, milimita tatu kwa kipimo cha daktari. Nikipigwa picha ya ubavuni naichukia sura yangu. Daktari amesema ni upasuaji mdogo tu, lakini mume wangu amekataa katakata. Kila nikiligusia ananiuliza, "Linakuuma?" Najua mama mkwe ndiye anayemjaza, maana naye huniambia, "Mwanangu, kidevu hicho ndicho tulichokipenda." Nimeanza kuweka akiba kimya kimya, na mwezi ujao mume atasafiri kikazi wiki mbili. Halafu nikitafuna, taya hulia. Nifanye?*

Pole, mwanangu. Kuichukia sura yako mwenyewe ni mzigo. Sasa tuzungumze.

Nimeirudia barua yako nikitafuta pale mumeo alipokataa katakata, sikupaona. Nilichokuta ni swali: "Linakuuma?" Hilo unaliita katazo, nami naliita akili, maana hata daktari makini angeanza hapo hapo. Unaweza kukata uzi kwa meno ya mbele? Meno yanasagika kwa kugongana vibaya, au yanakuchoma ufizi? Mwenye shida hizo upasuaji wa taya humrudishia maisha, na mume wake angekataa ningemkoromea mimi mwenyewe. Lakini mtu ambaye kula ni taabu huanza barua na kula. Wewe umeanza na picha, kutafuna ukakuchomeka mwishoni ili nikubali. Na huo mlio mbele ya sikio wanao watu wengi. Usipoambatana na maumivu wala taya kukwama, kwa kawaida hautibiwi. Tena upasuaji haukupi hakikisho kwamba utakoma.

Hilo neno "mdogo" nalo tuliangalie. Kurudisha taya la chini nyuma maana yake unalazwa kwa nusu kaputi, mfupa unakatwa pande zote mbili kutokea ndani ya mdomo, unasogezwa, kisha unafungwa kwa vibati na skrubu za titani. Uso huvimba kwa wiki kadhaa, chakula huwa laini kwa wiki kama sita. Neva inayoupa hisia mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya mfupa huo huo, kwa hiyo ganzi baada ya upasuaji ni jambo la kawaida. Wengi hupona polepole baada ya miezi, ila wapo ambao ganzi yao haiishi kabisa. Na mara nyingi kabla ya kisu mtu huvaa waya za meno mwaka mzima au zaidi, kisha huendelea nazo miezi mingine baadaye, kwa sababu taya likisogezwa peke yake meno hayatakutana.

Hayo yote ulipanga yaishe katika wiki mbili? Mumeo angerudi akukute umevimba mashavu, maneno hayatoki vizuri. Ungemwambia umeng'atwa na nyuki?

Nahisi mojawapo kati ya haya: ama hukumsikiliza daktari hadi mwisho, ama alizungumzia kidevu peke yake. Kupunguza kidevu kweli ni kazi ndogo zaidi, ila hakubadilishi namna meno yanavyokutana. Na kwa tofauti ya milimita chache, mara nyingine waya za meno pekee hutosha kupanga meno yakutane, ingawa taya lenyewe litabaki pale pale lilipo.

Mama mkwe sasa. Mwanamke anakuambia anakipenda kidevu chako, wewe unasikia sumu! Wapo wake wanaoomba usiku na mchana wapate neno moja jema kutoka kwa wakwe. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu: mtu yuko nyumbani na wanaompenda, lakini hukumu ya sura yake anaisubiri kwa wageni waliomo kwenye simu. Na kamera ya simu ikishikwa karibu hupotosha vipimo vya uso, ila mtu haishuku kamera, anajishuku mwenyewe. Kisha huanza kumficha mwenzake fedha, akamficha daktari, akamficha na maumivu. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Mwili ni wako, hilo silibishi. Mumeo angekuita mbaya wa sura, ningekuandikia mengine kabisa. Lakini umeniuliza nifanye, nakujibu: usifanye, angalau si sasa, wala si kwa sababu ya picha. Mtafute daktari bingwa wa kupanga meno na bingwa wa upasuaji wa taya, wote wawili waone eksirei zako. Waulize kitu kimoja kwanza: nikiliacha hivi hivi, nitapata madhara gani? Wakikuambia meno yataharibika, hapo ni tiba, rudi kwa mumeo na majibu hayo. Wakisema hakuna madhara, jua unanunua sura, na ganzi ya mdomo iwe kwenye hesabu.

Na umpeleke mumeo, asikie kwa masikio yake. Hiyo akiba mwambie leo, kabla hajaiona mwenyewe.