Waya mrefu, uwanja mfupi: maswali yenu kuhusu antena za redio za mawasiliano

Uwanja wangu una mita 13 ukuta hadi ukuta. Dipoli ya bendi ya mita 40 itaenea?

Itaenea, ila si kwa kunyooka. Dipoli ni waya uliogawanywa mikono miwili, kebo ikiungwa katikati, na bendi ya mita 40 ni masafa ya karibu megahezi 7. Urefu wa dipoli ya nusu wimbi, kwa mita, hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa ya megahezi. Kwa 7.1 ni mita 20.14, yaani 10.07 kila mkono. Ukitoa nusu mita kila mwisho kwa ajili ya kamba na vihami, uwanja unakuachia mita 12 za waya ulionyooka. Zile nne zinazobaki kila upande ziache zining'inie wima kutoka nchani, au zikunje kando zifuate ukuta.

Wengi huogopa kukunja, na hofu hiyo haina sababu. Kinachorusha mawimbi ni mkondo, na mkondo wa dipoli ni mwingi katikati kisha hupungua hadi kuisha kabisa nchani. Mita 12 za katikati hufanya takribani asilimia 80 ya kazi. Basi katikati ipe kimo na mnyooko, ncha zijibane zinapoweza.

Kuna mawili ya kuchunga. Mkia, yaani kile kipande kilichokunjwa, usirudi sambamba na waya uliotoka, maana mikondo miwili inayopishana kwa karibu hufutana. Pia nchani mkondo hauna nguvu lakini volti ni nyingi: kwa wati 100 zinafika mamia, na zinaunguza ngozi. Mkia ukomee mita 2.5 au zaidi kutoka chini. Kwa mkia wa mita nne, nguzo za pembeni ziwe na mita 6.5 kwenda juu.

Mbona hatujapendekeza V iliyopinduliwa, yaani katikati juu na mikono ikishuka pande mbili? Kwa sababu mikono ya mita 10 ikibanwa ndani ya mita 12, pembe ya kileleni hushuka hadi nyuzi 74. Chini ya 90, mikono huanza kuharibiana kazi.

Nilikata mita 20.6 ili nisipungukiwe. SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) iko chini kabisa kwenye megahezi 6.95, nami nataka 7.1. Nikate kiasi gani?

Zidisha urefu ulio nao kwa masafa uliyopima, kisha gawa kwa masafa unayotaka: 20.6 × 6.95 ÷ 7.1 = 20.16. Ondoa sentimita 44, yaani 22 kila mkono. Usikate bado. Rudisha hizo 22 nyuma, uzisokote barabara juu ya waya wenyewe, kisha pima. Kipande kilichosokotwa hivyo huhesabika kama hakipo, na ukikosea unakifungua. (Hili si lile la mkia kurudi sambamba bila kugusana, hapa waya umegusana mwanzo hadi mwisho.)

Fomula haikukudanganya: 143 ÷ 20.6 ni 6.94. Hata hivyo ganda la plastiki, ukuta ulio karibu na ncha zilizokunjwa, vyote huweza kusogeza masafa. Ndiyo maana antena hupimwa pale itakapokaa, si ikiwa imetandazwa chini. Ukifika SWR ya 1.5 tulia: nguvu inayorudi ni asilimia 4 tu, na hakuna atakayeisikia tofauti hiyo.

Naishi ghorofani, nina baraza tu na mti mmoja ng'ambo ya pili. Katikati ya waya hapafikiki.

Basi lisha mwishoni, yaani kebo iungwe kwenye ncha ya waya. Waya wa mita 20 kutoka barazani hadi mtini, unaolishwa kwa transfoma ya 49 kwa 1 (hulinganisha ukinzani mkubwa wa ncha na ule mdogo wa kebo), utashika bendi za mita 40, 20, 15 na 10. Kama nafasi ni mita 10 tu, ridhika na bendi za mita 20 na 10.

Transfoma hutengenezwa kwa pete ya feraiti (kauri yenye chuma) ya aina ya FT240-43: mizunguko 2 upande wa redio, 14 upande wa antena. Uwiano wa mizunguko ni 7, na 7 mara 7 ndiyo 49. Ungia kapasita ya pikofaradi (pF) 100, ya kilovolti 1 au zaidi, sambamba na ile mizunguko 2, la sivyo bendi za juu hazikai sawa.

Kinachosahaulika ni njia ya kurudia mkondo. Usipoipa antena waya wa kukabiliana, itatumia ngozi (uso wa nje) ya kebo yako, na hapo ndipo maikrofoni huwasha midomo na kompyuta huganda kila ukibonyeza kurusha. Funga waya wa mita 2 kwenye upande wa ardhi wa transfoma, kisha zungusha kebo ya antena, aina ya RG-58, mara 12 kwenye pete nyingine ya aina ileile, karibu na transfoma.

Jioni mshale wa redio unaoonyesha nguvu ya mawimbi yanayopokewa unakaa S7, yaani juu, bila kituo chochote.

Endesha redio kwa betri ya volti 12, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Mshale ukianguka, mchawi yuko ndani: washa vifaa kimoja kimoja hadi umpate. Mara nyingi ni chaja au taa ya LED. Usipoanguka, tembea nje na redio ndogo ya AM ukisikiliza panapozidi kukwaruza. Ile pete ya kuzungushia kebo husaidia hapa pia, kwani kebo hubeba kelele za nyumbani hadi kwenye antena.

Waya gani unafaa?

Wa shaba wenye nyuzi nyingi, milimita 1.5 za mraba, na ganda lake. La muhimu zaidi ni kuziba maungio kwa mkanda wa mpira unaojishika wenyewe. Maji yakiingia kwenye kebo hufyonzwa na wavu wa shaba hadi mbali, nguvu hupotea njiani, na SWR huonekana *nzuri kuliko jana*. SWR iliyojiponya yenyewe ishuku.

Na radi?

Chomoa kebo uiache nje kabla wingu halijafika, na kila siku usiporusha. Nyaya za umeme ni suala jingine: antena isipite juu wala chini yake, na nguzo yako ikianguka upande wowote isizifikie.