Zima umeme kwanza, ndipo uniulize

Shikamoo mzee. Nimefunga valvu ya njia moja kwenye bomba linalorudisha maji juu kwenye tangi la samaki. Umeme ukikatika niko salama, au niongeze ya pili? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba. Swali hili limenifikia mara tatu tangu mwezi uanze, na mara zote tatu bila vipimo vya tangi, bila kina cha mdomo wa bomba, bila ukubwa wa sampu, lile tangi la chini lenye pampu. Nijibu vipi? Basi chukua vipimo vyangu. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 50, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 6. Mdomo wa bomba ukizama sentimita 5, umeme unapokatika bomba hilo linageuka kuwa mpira wa kunyonyea dizeli: lita 30 zinashuka kwenye sampu, na maji yaliyomo kwenye ovaflo (kisanduku kinachopokea maji yanayofurika kutoka tangini) na ndani ya mabomba yanafuata. Sampu isiyo na nafasi ya lita 40 hivi itayamwaga sakafuni.

Mimi niliwahi kuitegemea valvu hiyo. Usiku mmoja umeme ukakatika, saa tisa nikaamka kwenda msalani, nikakanyaga zulia lililolowa chepechepe. Asubuhi niliifungua valvu nikakuta konokono mdogo, hata punje ya choroko inamzidi, amebanwa kwenye ulimi wa valvu, kile kifuniko kinachozuia maji kurudi. Ulimi haukuwa umefunga. Dari la wapangaji wa chini lilipakwa rangi upya, gharama juu yangu. Konokono, utelezi au chokaa, kimoja tu kinatosha kuuzuia ulimi huo, na valvu ya pili ina ulimi kama wa kwanza.

Fanya hivi. Pandisha mdomo wa bomba ukaribie uso wa maji. Toboa tundu la milimita 4 kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, livute hewa na kukata mnyonyo. Lisugue kila wiki, maana mwani huliziba. Kisha, pampu ikiwa imezimwa na maji yote yameshashuka, jaza sampu mpaka vidole vitatu chini ya ukingo. Washa pampu, acha maji yatulie, piga mstari kwenye kioo cha sampu kwa kalamu isiyofutika. Usijaze kupita mstari huo maisha yako yote. Baada ya hapo zima swichi ya ukutani mara tano, huku umesimama hapo hapo na taulo mkononi. Samaki waingie baada ya jaribio hilo.

Ovaflo yangu inagugumia mchana na usiku, na mke wangu anataka tangi litoke sebuleni. Ndani yake kuna mabomba mawili ya inchi moja, yote yanateremsha maji. (Nyali, Mombasa)

Mkeo ana haki, na dawa ipo. Kelele inatokea kwa sababu hewa na maji vinapita pamoja ndani ya bomba. Acha kuyagawa maji. Bomba moja libebe maji matupu: lifungie geti valvu chini, karibu na sampu, uikaze kidogo kidogo mpaka maji ndani ya ovaflo yapande na kuufunika mdomo wa bomba hilo. Sauti itakatika ghafla. Ncha yake ya chini izame sentimita 2 au 3 tu ndani ya maji ya sampu. Ukiizamisha sana, hewa inakosa pa kutokea pampu inapowaka tena baada ya umeme kurudi.

Bomba la pili mdomo wake uwe juu zaidi. Likae kavu, bila koki, bila sponji, likingoja siku jani au samaki mdogo atakapoziba la kwanza. Wafugaji wengi wanauita mtindo huu Herbie. Ukimaliza, ziba bomba la kwanza kwa makusudi uone kama la pili linabeba maji yote ya pampu. Koki ile ya kugeuza robo mzunguko usinunue kwa kazi hii; ukiigusa tu kipimo kinapita.

Duka la vifaa vya ujenzi lina geti valvu za shaba ya manjano (brasi) tu. Nifunge? Nina kamba wadogo. (Morogoro)

Usifunge. Shaba hiyo ina kopa (shaba nyekundu) ndani yake, na kopa huua kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo sana. Tafuta ya plastiki, ukiikosa subiri.

Naweza kutoboa tangi likiwa na maji nusu?

Hapana.

Fundi anasema kioo chochote kinatoboka. Ni kweli? (Kisumu)

Si kweli. Kioo kilichokomazwa kwa moto ukikigusa na keekee kinasambaratika chote punje punje, kama kioo cha dirisha la pembeni la gari. Weka simu au kompyuta yenye skrini nyeupe nyuma ya kioo, vaa miwani ya jua ya polaroidi, tazama ukiinamisha kichwa taratibu. Ukiona madoa au mistari ya kivuli, usitoboe. Pima kila upande peke yake, hasa chini: mara nyingi pande zinatoboka, kitako kimekomazwa.

Pampu imeandikwa lita 3,000 kwa saa, mbona maji yanayofika juu ni kidogo?

Hizo 3,000 ni bila kupandisha maji hata sentimita moja. Tazama kwenye boksi tarakimu iliyo karibu na herufi H: ndiyo kimo ambacho pampu inaishiwa nguvu kabisa. Ikiwa ni mita 1.5 na wewe unapandisha mita 1.3, umebakiwa na mchirizi. Kila elbo (kona ya bomba) inapunguza tena.

Tangi konekta (kiungo kinachopitisha bomba kwenye tundu la kioo) inavuja tone moja moja. Nipake silikoni? Picha nimeambatanisha. (Arusha)

Usipake. Ringi ya mpira umeiweka upande wa nati. Inatakiwa ndani ya tangi, chini ya kola, kioo kikiwa kikavu na safi. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko, basi. Lakini katika picha yako nimeona ekstensheni imelala sakafuni chini ya sampu, na waya wa pampu umenyooka kutoka kwenye maji hadi kwenye plagi, kwa hiyo hilo tone unaloniuliza lina njia ya kufika kwenye umeme. Itundike ukutani leo, juu kuliko sampu, na waya uning'inie chini ya plagi kwanza ndipo upande, maji yadondokee hapo. Ringi utaibadilisha kesho.