Jibu: Mota inafanya kazi lakini hewa haifiki vyumbani

Ndugu, umeuliza kwa nini taa ya feni huonyesha kwamba feni inafanya kazi ilhali hewa haitoki vyumbani, na kama swichi moja ya shinikizo ingetosha kukuonya. Katika mifumo mingi taa hiyo hufuata kontakta ya mota tu (swichi ya umeme inayoiwasha mota); mkanda unaounganisha mota na feni ukikatika, mota huendelea kuzunguka bila mzigo na taa hubaki imewaka.

Swichi inayolinganisha shinikizo la kabla na la baada ya feni itaugundua mkanda uliokatika, kwa sababu tofauti hiyo hushuka hadi karibu na sifuri. Lakini kilango cha hewa kikijifunga ndani ya mfereji, tofauti hiyo aghalabu hupanda, na swichi itaripoti kwamba mambo ni shwari wakati watu vyumbani hawapati hewa. Kwa maoni yangu hilo ndilo la hatari zaidi. Ndiyo maana ningependelea upime mwendo wa hewa yenyewe, kwa mrija wa Pitot (kijibomba kinachoelekea hewa inakotoka ili kupima kasi yake) uliowekwa penye sehemu ndefu iliyonyooka ya mfereji, mbali na kona: paskali 10 za shinikizo la mwendo, yaani shinikizo litokanalo na kasi ya hewa, ni takriban mita 4 kwa sekunde.

Chelewesha onyo kidogo baada ya kuwasha, mpaka feni ifikie kasi yake, na tafadhali kagua mara kwa mara vijirija vya swichi, kwani vumbi huviziba.