Ukigonga Mnyamapori Barabarani, Iache Nyama

Madereva wa Dodoma wakishajua kuwa mimi ni mkaguzi wa nyama, swali wanaloniuliza mara nyingi ni hili: mtu akigonga swala usiku, tuseme karibu na Mtera au kwenye pori lililo kati ya Manyoni na Itigi, naye mnyama ni mnono na bado ana joto, kuna ubaya gani kumpakia garini akawe kitoweo nyumbani? Jibu langu ni kwamba amwache. Nitaeleza sababu kwa urefu, kwa kuwa nimeona watu wazima wenye busara wakiikubali sababu moja tu, ile ya kukamatwa, na kuamini kwamba mahali asipokuwapo askari hakuna tatizo jingine lolote.

Nianze na kazi yangu mwenyewe. Ukaguzi wa nyama una sehemu mbili, na watu wengi wanaifahamu ile ya pili tu, ya kupiga muhuri nyama iliyokwisha kuning'inizwa. Sehemu ya kwanza hufanyika mnyama akiwa hai. Ng'ombe akiletwa machinjioni hupumzishwa na kupewa maji, nasi tunamtazama anavyosimama, anavyotembea, anavyopumua, kama anatoka kamasi au damu puani, kama anajitenga na wenzake. Mnyama mwenye homa anaweza kuzuiwa hapo hapo kabla kisu hakijamgusa. Baada ya kuchinjwa ndipo tunapopasua tezi, ini, mapafu na moyo, tukijua tayari alikuwa katika hali gani alipoingia. Mnyama aliyegongwa barabarani ameikosa kabisa sehemu ya kwanza, na hakuna utaalamu unaoweza kuirudisha. Hujui jana alikuwaje. Zaidi ya hapo, lipo swali ambalo dereva hajiulizi akiwa na furaha ya kupata nyama ya bure: swala, mnyama mwepesi kiasi kile, alishindwaje kuruka? Mara nyingi ni kwa sababu taa zilimpumbaza. Lakini mnyama mgonjwa naye husimama barabarani, huchelewa kushtuka na hukimbia kwa kuyumba, na gari humkuta kwa urahisi kuliko linavyomkuta mwenye afya.

Ugonjwa ninaouhofia kuliko yote ni kimeta. Huwapata ng'ombe, mbuzi na kondoo wetu, na huwapata wanyamapori vilevile. Katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, mlipuko wa mwaka 1984 uliangamiza swala pala wengi sana. Bakteria wa kimeta wakiwa ndani ya mzoga ambao haujafunguliwa hufa kadiri mzoga unavyooza, lakini mtu akiupasua na damu ikakutana na hewa, hujifunga katika mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miongo mingi, zikisubiri ng'ombe atakayekuja kulisha pale. Kwa hiyo anayechuna mzoga wa namna hiyo pembeni mwa barabara anajihatarisha mwenyewe na pia anaitia sumu malisho ya wafugaji wa kijiji kile. Dalili zinazotajwa katika vitabu, kama damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani na njia ya haja kubwa na tumbo kuvimba haraka, hazimsaidii dereva usiku, maana mnyama aliyegongwa hutoka damu puani hata kama hakuwa na ugonjwa wowote. Pia nimesikia mara nyingi kwamba moto unaua kila kitu. Mbegu za kimeta huvumilia kuchemshwa kwa namna tunavyochemsha mchuzi majumbani, na hata kama zingekufa sufuriani, yule aliyechuna na kukatakata kwa mikono mitupu ameshagusana nazo kabla chungu hakijainjikwa.

Hilo la mikono lina uzito wa pekee kwetu. Katika mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2007, Dodoma ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi nchini, na watu wengi wa ukanda huu wanakumbuka wakati ambapo bucha zilikosa wateja. Virusi vya homa hiyo huenezwa na mbu, lakini binadamu huambukizwa pia kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja na kuchuna. Nyati na wanyamapori wengine huvibeba bila mtu kujua. Kadhalika ngiri, ambaye watu wengi wanampenda kwa mafuta yake, anaweza kuwa na minyoo midogo iliyojificha ndani ya misuli, isiyoonekana kwa macho hata na mkaguzi mwenye uzoefu, na kubanika nyama juu juu hakuiui.

Tuseme mnyama alikuwa mzima kabisa. Gari linapompiga kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, matumbo hupasuka na kinyesi husambaa ndani ya mwili, kibofu na nyongo humwagika, na damu ambayo ingetoka kwa kuchinjwa hubaki ndani ya misuli iliyopondeka. Katika joto letu la mwezi wa Novemba, nyama hiyo huanza kuharibika wakati mwenye gari angali anatafuta mahali pa kugeuzia. Na kama hukumgonga wewe, bali umemkuta amelala pembeni, basi hujui chochote kabisa: amekufa saa ngapi, na kwa nini. Katika maeneo yanayopakana na mapori, wapo watu wanaotega mizoga yenye sumu kwa ajili ya fisi na simba waliokula mifugo, na sumu hiyo humuua tumbusi, humuua mbwa, na humuua binadamu.

Wapo wanaosema kwamba ukimwahi kabla roho haijatoka na ukamchinja, hajawa kibudu tena. Suala la uhalali wa kidini nawaachia masheikh na wachungaji wenye elimu hiyo. Kwa upande wa afya, kisu cha shingoni hakiondoi homa iliyokuwamo mwilini tangu jana, wala hakirudishi kinyesi ndani ya utumbo.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori aliyekufa bila kibali cha kuwindwa, pamoja na nyama, ngozi, pembe na mifupa yake, ni nyara ya Serikali, na haijalishi kama aliuawa na risasi, mtego au bampa ya lori. Kupatikana na nyara hiyo bila kibali ni kosa, na pale thamani ya mnyama inapozidi shilingi milioni 1, sheria hiyo baada ya marekebisho ya mwaka 2016 inataja kifungo cha miaka 20 hadi 30. Wanyama wengi wakubwa huvuka kiwango hicho kwa urahisi, kwa kuwa thamani huhesabiwa kwa mnyama mzima hata kama wewe umekutwa na paja moja. Maelezo ya kwamba nyama ilitokana na ajali ni magumu sana kuthibitisha ukiwa umesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na mfuko uko chini ya kiti. Anayependa nyamapori ana njia iliyo wazi, yaani bucha zenye kibali ambazo kanuni za mwaka 2020 ziliziruhusu.

Vijana hunionyesha kwenye simu kwamba Wamarekani wanakula wanyama waliogongwa. Ni kweli kwamba baadhi ya majimbo yameruhusu, kwa mfano Montana mwaka 2013 na Oregon mwaka 2019, lakini tazama wanavyofanya: mhusika lazima aombe kibali, ruhusa inahusu aina maalumu za wanyama, na kule Oregon kichwa na pembe lazima vikabidhiwe kwa mamlaka ya wanyamapori, na vichwa hivyo hutumika kupimia ugonjwa. Sisi tuna magonjwa mengine, joto jingine na sheria nyingine, kwa hiyo ruhusa ya Oregon haiwezi kumlinda mtu wa Chemba hapa Dodoma.

Kuna hatari moja ambayo imenihuzunisha kuliko zote, nayo haihusu vijidudu. Nimepita usiku katika barabara ya Iringa na kukuta watu wamemzunguka tandala aliyegongwa, wengine wameinama na visu katikati ya lami, pikipiki zimeegeshwa bila taa, watoto wakishika tochi za simu, huku malori yakishuka kwa kasi kutoka upande wa pili. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, magari makubwa ya usiku yameongezeka, na mzoga mmoja barabarani unaweza kuwa chanzo cha vifo vya watu ambao hawakumgonga mnyama wala hawakuwa na haja na nyama yake.

Heri basi kutomgonga. Ukiendesha kilomita 100 kwa saa, gari lako linakwenda takriban mita 28 kila sekunde. Sekunde moja na nusu tu ya kushtuka inakula mita 42 kabla hata mguu haujagusa breki, na mwanga wa taa zilizoshushwa haufiki mbali zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana katika kipande cha barabara kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi, takriban kilomita 50, mwendo umewekewa kikomo cha kilomita 70 mchana, na kuna mabango yanayotaja faini ya kila mnyama kwa dola. Barabara zetu za kati hazina mabango mengi kiasi hicho, lakini wanyama wapo: vichaka vya Itigi vimefunga hadi ukingoni mwa barabara, kiasi kwamba mnyama akitokeza ameshafika lami, na ukiendelea kutoka Babati kwenda Arusha unakatiza ushoroba wa Kwakuchinja, ambao wanyama huutumia kupita kati ya Tarangire na Manyara.

Saa za hatari ni machweo, usiku na alfajiri. Mwanzoni mwa mvua ongeza tahadhari, kwa sababu maji yanayotiririka kutoka kwenye lami huotesha majani mabichi pembeni mapema kuliko porini, na wanyama huyafuata. Mnyama mmoja akivuka, usikanyage mafuta. Digidigi hutembea wawili wawili, na swala pala huwa na kundi nyuma yake. Twiga ni tatizo la peke yake, kwa sababu macho yake yako juu ya mwanga wa taa zako na hutayaona yaking'aa, na miguu ikipigwa mwili wote hushukia kioo cha mbele. Ukimwona mnyama amesimama akikodolea taa, punguza mwanga, piga honi, na usimame ikiwezekana. Unapofunga breki, nyoosha usukani. Wengi waliopinduka kwa kumkwepa sungura au kanga wangefika salama kama wangebaki katika njia yao.

Ikishatokea, egesha nje ya lami, washa taa za dharura, weka pembetatu kwa umbali wa kutosha, na abiria wakae mbali na barabara. Usimsogelee mnyama aliyejeruhiwa. Nyati anajulikana, lakini hata tandala aliyelala anaweza kukuvunja mbavu kwa teke moja. Toa taarifa polisi kwa namba 112, au kwa askari wa wanyamapori au serikali ya kijiji kilicho karibu, na uombe ripoti ya polisi, kwani bila hiyo bima kubwa haitakulipa gharama ya gari. Bima ya mtu wa tatu haikulipi uharibifu huo hata kidogo. Mzoga uondolewe na wenye mamlaka, kwa kuwa ukibaki barabarani utawavuta fisi na tumbusi, nao watagongwa na magari yanayofuata.

Na kama unasoma haya ukiwa umeshachuna au umeshakula, osha mikono na vyombo vyote kwa sabuni na maji mengi, usiwape mbwa mabaki, na ujiangalie kwa makini katika siku zinazofuata. Ukiona kipele kinachowasha kikigeuka kuwa kidonda kisicho na maumivu makali na chenye kigaga cheusi katikati, au ukipata homa kali, kuhara damu au kutokwa damu mahali popote, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na umweleze tabibu waziwazi kwamba uligusa au ulikula mnyama aliyekufa barabarani. Kimeta cha ngozi hutibika vizuri kwa dawa za kuua bakteria kikiwahiwa. Mwambie pia afisa mifugo wa kata ni mahali gani hasa mlipomchuna mnyama huyo, ili mifugo izuiwe kulisha pale na mabaki yateketezwe au yafukiwe kwa kina.