Binti anataka kuwa mrushaji wa softiboli: tafuta ndoo, kaa, umdakie

Dada, nikuelewe hivi: binti ana miaka 9, yuko ligi ya softiboli ya mtaa huko Dallas, ule mchezo ndugu wa beisiboli ambao mpira hurushwa kwa mkono wa chini. Anataka kuwa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, ila kocha anamweka mbali kabisa kwenye nyasi, na yeye kila jioni anarusha mpira kwenye ukuta wa gereji mpaka jirani ameanza kununa. Shemeji anasema huo ni mchezo wa Wazungu na hela itapotea bure. Unauliza umsukume au usubiri limpite. Wangu sasa ana miaka 14, tuko upande wa Kansas, na alianza kung'ang'ania mambo haya akiwa na umri wa huyo wako. Nachangia kama baba, sijawahi kuucheza mchezo wenyewe. Sisi Tanga tulikua na mpira wa miguu basi.

Nianze na la shemeji. Mwonyeshe video za NiJaree Canady. Ni mrushaji, binti mweusi wa Topeka, hapa hapa Kansas. Mwaka 2024 alihama Stanford kwenda Texas Tech kwa mkataba wa mwaka mmoja wa zaidi ya dola milioni 1, na 2025 akaifikisha timu yake fainali ya vyuo kule Oklahoma City, wakafungwa na Texas. Hoja ya Wazungu inaishia hapo. Ila hoja ya hela asiigeuze ikawa mradi. Mpaka 2025 timu ya chuo ya daraja la juu kabisa iliruhusiwa ufadhili kamili wa wachezaji 12, na kikosi kina wasichana ishirini na kitu, kwa hiyo wengi waligawana vipande. Kama shabaha yenu ni ada ya chuo, ile hela ya mafunzo iwekeni benki, mtalala vizuri zaidi. Msaidieni kwa sababu anautaka mchezo, na mtoto anayerusha mpira ukutani bila kuambiwa anautaka kweli.

Sasa kazi yenyewe. Mrushaji hawezi kufanya mazoezi ya kutosha peke yake. Mchezaji wa nyasi anaweza, mpigaji anaweza, mrushaji anahitaji mtu wa kudaka. Mtu huyo ni wewe au shemeji. Ndiyo maana kwenye kila uwanja huku utaona wazee wamekaa juu ya ndoo za plastiki, glovu mkononi, magoti yanalia. Nunua glovu ya mdakaji, ndoo yenye kifuniko cha sponji, na kinga ya uso yako mwenyewe, usione aibu. Mpira wa softiboli si laini hata kidogo, na ukidunda mbele yako unakuja kwenye ugoko au mdomoni.

Ukishakaa kwenye ndoo, nyamaza. Hili ndilo gumu kuliko gharama zote. Mpira umepita juu ya kichwa chako, unataka kusema "umerusha juu". Anajua, ameuona. Ana kocha wa kumsahihisha, na wewe ukiongeza la kwako anakuwa na walimu wawili wanaopingana ndani ya mkono mmoja. Daka, rudisha, daka, rudisha. Wangu alianza kunisimulia mambo ya shule tukiwa katika kudaka huko, mambo ambayo mezani hasemi. Na kwenye gari baada ya mechi mbaya, uliza anataka kula nini.

Mechi mbaya zitakuwepo, jiandae. Umri huu nusu ya mchezo ni mipira minne nje ya eneo na mpigaji anapewa besi ya bure, yaani anatembea mpaka kituo cha kwanza, halafu mwingine, halafu mwingine, mpaka watu wanamaliza vituo vyote na kupata pointi bila kupiga kitu. Mrushaji ni kama golikipa, kila mtu anaona alipokosea yeye na hakuna anayeona waliomwangusha. Atalia pale katikati ya duara la kurushia. Usiingie uwanjani. Kocha yupo.

Kocha wa kurusha tafuteni, hata wa mara moja kwa wiki mbili. Huku kwetu nusu saa ni kama dola 50, na wengine hupunguza wakifundisha wasichana wawili pamoja. Kabla ya kulipa, kaa utazame somo la mtoto mwingine. Akimsimamisha mtoto dakika nzima anakunja kifundo cha mkono tu, kisha anamtaka amalizie kwa kuinua kiwiko mpaka usoni, mimi ningeondoka. Tazama polepole video za warushaji wakubwa: mkono unazunguka duara zima, sehemu ya chini ya mkono inagusa ubavu karibu na nyonga, mpira unaachiwa hapo, na mkono unamalizia wenyewe bila kulazimishwa. Nguvu inatoka kwenye mguu unaosukuma. Na mwacheni arushe kwa nguvu kwanza, hata ukipaa. Mtoto aliyezoeshwa kulenga polepole anapata taabu kuongeza kasi baadaye. Mrusho wa pili uwe chenji-apu, ule unaotoka na mzunguko uleule wa mkono lakini unafika umechelewa. Mipira ya kupinda isubiri, hata akikuambia rafiki yake anayo.

Kuna kitu kinawakuta wengi na hawaambiwi. Chini ya miaka 10 anarusha kutoka futi 35 kwa mpira wa mzingo wa inchi 11. Akivuka kwenda kundi la chini ya miaka 12, umbali unakuwa futi 40 na mpira inchi 12, vyote kwa mpigo, na kiganja ni kilekile cha juzi. Binti aliyekuwa tishio msimu uliopita anaanza kutoa besi za bure kama njugu. Wengi wanaacha hapo, na wazazi wanasema kipaji kimekwisha. Kipaji hakijaenda popote. Ukiona msimu unakaribia kwisha, nunua mpira mkubwa mapema aanze kuuzoea nyumbani. Kwenye kundi la chini ya miaka 14 umbali unakuwa futi 43, na unabaki huo mpaka chuo.

Halafu bega. Utawasikia uwanjani wakisema kurusha kwa chini hakuchoshi mkono. Watakutajia Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mipira 413 kwa siku mbili Olimpiki ya Beijing 2008 na kuwapa dhahabu. Ni kweli, na alikuwa mtu mzima, wa kiwango cha dunia. Huo mzunguko unabeba mzigo mkubwa kwenye bega na msuli wa mbele wa mkono, tena beisiboli ya watoto ina hesabu ya mipira kwa siku ilhali mashindano mengi ya softiboli hayana. Wikendi moja inaweza kuwa na mechi tano na kocha ana mrushaji mmoja anayemwamini. Mimi nimeshamwambia kocha "leo imetosha", akakasirika, binti naye akakasirika, tukarudi nyumbani na bega zima. Hesabu mwenyewe, na katika mwaka mpe miezi kadhaa bila kurusha kabisa.

Kinga ya uso kwa mtoto si ya kujadili, hata kama sheria ya ligi yenu haimlazimishi. Akishamaliza kurusha anakuwa karibu sana na gongo la mpigaji.

Umeuliza pia kuhusu hijabu. Wangu anavaa. Tunatumia ile ya michezo inayobana, isiyo na pini, helmeti inakaa juu yake bila shida wakati wa kupiga. Suruali ni sare ya kawaida ya softiboli, na fulana ya mikono mirefu ndani ya jezi wanavaa wengi tu, hasa baridi ya Machi. Chagua rangi iliyotulia isiyofanana na mpira wa njano, maana refa anaweza kusema inamchanganya mpigaji. Mweleze kocha kabla ya mechi ya kwanza, amwambie refa wakati wa kukagua vifaa. Kwetu mpaka leo hakuna refa aliyeleta neno.